Kuruti Simu kwa Magisk: Bado Kunalipa?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo nachambua Magisk, chombo ambacho wengi wetu tukisema kuruti simu ya Android, yaani kujipa mamlaka kamili juu ya mfumo wake, ndicho tunachokifikiria. Jibu langu nalitoa mapema: simu unayotumia kwa benki, barua pepe na mambo yako ya kila siku, usiiruti. Ila kama una simu ya zamani imelala tu kabatini, hiyo iruti, tena utaifurahia.

Kwanza nimpe mtengenezaji haki yake. John Wu alitoa Magisk mwaka 2016, na hadi leo ni kazi safi. Unachukua faili la buti, lile linaloanzisha mfumo simu inapowaka, la toleo lile lile lililo kwenye simu yako, Magisk inalibadilisha, kisha unalirudisha kwenye simu kwa kompyuta kupitia fastboot, chombo cha kuandika mafaili ya mfumo kwenye simu. Sehemu yenyewe ya mfumo haiguswi. Programu ikiomba mamlaka ya ruti, kidirisha kinatokea na wewe ndiye unayeruhusu au kukataa. Ukitaka moduli, yaani nyongeza za Magisk, unaziweka na kuziondoa bila kuvuruga simu. Kama chombo, sina kasoro kubwa ya kuitaja.

Shida iko kwenye kile unacholazimika kufanya kabla hujaifikia Magisk, nacho ni kufungua butiloda, ile programu inayoamka mwanzo kabisa ukiwasha simu. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana watu wengi wanaogopa ruti peke yake na butiloda wanaisahau. Butiloda ikiwa imefungwa, simu inahakiki kila inapowaka kwamba mfumo ni ule ule uliotiwa saini na mtengenezaji. Ukiifungua, ulinzi huo umeondoka. Mtu akiishika simu yako kwa muda mfupi anaweza kuweka faili lake la buti. Ni kweli data yako bado imefichwa kwa PIN, lakini programu iliyopandikizwa inaweza kukaa kimya ikisubiri wewe mwenyewe uingize hiyo PIN. Hilo kwangu ni zito kuliko mambo mengine yote.

Halafu ndiyo inakuja ruti yenyewe. Kwenye Android kila programu ina chumba chake na haiingii cha jirani. Programu yenye ruti inaingia vyumba vyote: inasoma ujumbe, inachukua hifadhidata za programu nyingine, inabadilisha mipangilio bila kukuuliza. Ukibonyeza kuruhusu mara moja kwa moduli uliyookota kwenye kundi la Telegram, umemkabidhi mtu usiyemjua simu nzima.

Na programu za benki zinalijua hilo. Google wana ukaguzi unaoziambia programu kama simu imechezewa: zamani ulikuwa SafetyNet, sasa ni Play Integrity, na tangu Mei 2025 ukaguzi wake kwenye simu za Android 13 kwenda juu unategemea uthibitisho unaotoka kwenye chipu yenyewe. Zamani MagiskHide ilikuwa inaficha ruti vizuri sana, lakini John Wu alijiunga na Google mwaka 2021 na kipengele hicho kikaondolewa. Waliobaki kwenye mchezo huu wanatafuta funguo za uthibitisho huo zilizovuja kutoka simu nyingine, Google wanazifuta, wanatafuta tena. Leo benki inafunguka, kesho inagoma, na wewe uko foleni unataka kulipa. Mimi siwezi kumshauri mtu aishi hivyo.

Wenye Samsung, kuna jingine. Kwenye Galaxy, ukiwasha mfumo usio rasmi, alama ya Knox, mfumo wa ulinzi wa Samsung, inaungua ndani ya chipu na hairudi tena hata ukirejesha mfumo wa kiwandani. Folda Salama, ile ya kuficha mafaili na programu zako, unaipoteza moja kwa moja.

Sasa jiulize, ulikuwa unataka ruti ya nini? Kuzuia matangazo? Tangu Android 9 kuna DNS ya faragha kwenye mipangilio, ukiiwekea anwani ya huduma inayozuia matangazo, inazuia mengi. Kuondoa programu za kampuni usizozitaka? Amri za adb, chombo cha kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, zinaziondoa kwa mtumiaji wako, na butiloda inabaki imefungwa. Programu ya Shizuku nayo inazipa programu nyingine uwezo mwingi uliokuwa ukihitaji ruti.

Ruti inapolipa kweli ni pale mtengenezaji ameshaacha kuipelekea simu masasisho. Unaweka LineageOS, mfumo mbadala wa Android usiotoka kwa mtengenezaji wa simu, unapata Android mpya zaidi, na ukitaka unaongeza Magisk ili upange kasi ya prosesa, uweke ukomo wa kuchaji betri, au uchukue nakala kamili ya programu pamoja na data zake. Simu hiyo ibaki ya majaribio, ya muziki, ya kujifunzia. Akaunti ya benki isiingie humo.

Kwa mtakaoendelea: hamisheni data zote kwanza, maana kufungua butiloda kunaifuta simu nzima. Magisk pakueni kwenye ukurasa wake wa GitHub tu, kuna tovuti nyingi za bandia zenye jina hilo. Na msifunge butiloda tena wakati faili lililobadilishwa bado limo, simu inaweza kukataa kuwaka kabisa. Rejesheni mfumo wa kiwandani kwanza, ndipo mfunge.

Niandikieni hapo chini aina ya simu yako na kitu unachotaka kufanya kwa ruti. Kama kuna njia isiyohitaji kufungua butiloda, nitakuelekeza.