BlackBerry KEY2: vitufe bado vizuri, simu yenyewe ndiyo imechoka

Anayetafuta leo simu ya tachi yenye vitufe vya kubonyeza hawezi kuikwepa BlackBerry. Na kati ya BlackBerry zote zinazotumia Android, kibodi iliyokomaa ni ya KEY2 ya mwaka 2018. Mpya dukani usiitafute: TCL, waliokuwa wakiitengeneza kwa leseni, waliacha kuuza simu za jina hilo tarehe 31 Agosti 2020. Utakayoipata ni iliyotumika, na hapo ndipo umakini unapotakiwa.

Tuanze na vitufe, maana ndivyo vinavyouza simu hii. Kuna safu tatu za herufi, na ya nne ina kitufe cha nafasi. Kati ya safu na safu umepita ukingo mwembamba, na kila kitufe kimechongwa kwa mteremko, upande mmoja umeinuka, ili kidole gumba kijue kipo wapi bila jicho kuitwa. KEYone, mtangulizi wake wa 2017, ilikuwa na mpangilio huohuo, ila vitufe vyake vilikuwa vifupi na vyenye mng'ao. Kidole chenye jasho kilikuwa kinateleza. Kwenye KEY2 vimeongezwa urefu kwa asilimia 20 na uso wake haung'ai, hivyo kidole kinashika. Ni badiliko dogo kwenye karatasi za matangazo, lakini ukiandika ujumbe wa aya tatu ukiwa kwenye daladala utaliona.

Kwa Kiswahili kibodi hii inatosha kabisa, kwani hatuna herufi zenye alama juu. Kinachohitajika ni ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo, nayo ipo: Alt (kitufe kinacholeta alama ya pili ya kila herufi) na K. Namba zimejificha nyuma ya W E R, S D F na Z X C, sifuri ina kitufe chake pembeni ya nafasi. Nyota iko kwenye A, reli kwenye Q. Kwa menyu kama *150*00# unaweza kushikilia Alt ukaandika, lakini kusema kweli pedi ya namba kwenye kioo ni nyepesi zaidi kwa kazi hiyo.

Uso wa vitufe nao ni tachi, na hapa ndipo nguvu ya KEY2 ilipo. Kupitisha kidole juu ya herufi kutoka kulia kwenda kushoto kunafuta neno zima; kwa mtu aliyekosea "hatukukubaliana", hiyo ni nafuu kubwa. Kupeleka kidole juu kunapandisha neno lililopendekezwa chini ya kioo. Kugusa mara mbili bila kubonyeza kunaleta kishale cha kusogeza herufi kwa herufi. Pembeni kulia, chini, kuna kitufe cha mkato: kishikilie, bonyeza W uliyoipangia WhatsApp, nayo inafunguka hata ukiwa ndani ya programu nyingine. Kila herufi inabeba mikato miwili, bonyezo fupi na refu, jumla 52. Nani atazikumbuka zote ni suala jingine.

Kero ni marekebisho ya maneno. Kibodi ikibaki kwenye Kiingereza itaichakachua kila "tutakapofika" unayoandika. Ingia kwenye mipangilio ya lugha na kibodi uzime urekebishaji wa kujiendesha kabla hujaanza kuilaumu simu.

Miundo mingine imewahi kujaribiwa. BlackBerry Priv ya 2015 ilificha kibodi nyuma ya kioo cha inchi 5.4, ukikisukuma juu uzito wote unahamia kichwani, na vidole gumba vinaandika huku mkono ukipigana simu isipinduke. Clicks, kava la iPhone lililozinduliwa 2024, lina tatizo la familia hiyohiyo: kibodi inaning'inia chini ya simu ambayo tayari ni ndefu, tena inakula chaji ya simu. Faida yake ni kwamba kioo chote kinabaki wazi. BlackBerry Passport ya 2014 iliweka kitufe cha nafasi katikati ya V na B, jambo linalotaka mazoea mapya.

Nokia nao walichanganya tachi na batani kwenye X3-02 ya 2010. Kioo cha inchi 2.4 kilitaka kukandamizwa, na namba zilipangwa safu nne za wima, nyota, sifuri na reli zikiwa kulia. Waliozoea kupiga namba bila kutazama walikuwa wanaikosa sifuri kila mara. Kuandika "nimeona" kwa njia ya kurudiarudia kulitaka mibonyezo 14, tena kati ya o na n unasubiri, kwa kuwa zote ziko kwenye 6. KEY2 inataka saba.

Sasa udhaifu. Kioo cha inchi 4.5 chenye uwiano wa 3:2 ni kizuri kwa barua pepe na kusoma, kibaya kwa video za wima, ambazo ama zinakatwa ama zinabaki na pembe nyeusi. Android iliishia 8.1 na haikupandishwa. Programu za benki ndizo huanza kukataa, basi zijaribu kabla ya kulipa.

Jihadhari pia na KEY2 LE, inayofanana nayo kwa mbali na mara nyingine huuzwa kwa jina la kaka yake. Betri yake ni mAh 3000 badala ya 3500, na vitufe vyake si tachi. Fungua ukurasa mrefu wa intaneti, pitisha kidole juu ya vitufe bila kubonyeza. Ukurasa usiposogea, na mpangilio wa kusogeza kwa vitufe haujazimwa, umeshikilia LE.

Ukiwa mbele ya muuzaji, andika a hadi z, kisha rudia ukishikilia Alt. Herufi ikitoka mara mbili kwa bonyezo moja, au ikitaka kukandamizwa, kibati cha duara kilicho chini ya kitufe kimechoka au kimeingia uchafu. Anza na A, ndiyo herufi inayochakaa haraka kwa waandishi wa Kiswahili. Sajili alama ya kidole kwenye kitufe cha nafasi, funga na ufungue mara tano. Zima taa uone kama vitufe vyote vinawaka. Chungulia ukingo wa kioo: kikiwa kimeinuka, shuku betri iliyovimba. Betri haitoki kwa mkono, kwa hiyo muulize fundi wako kabla ya kununua kama anaweza kuipata, pamoja na kibodi yake. Akisema hapana, punguza bei au ondoka.