Stebilaiza ya friji 1000VA: nimekaa nayo mwaka na nusu, nyota tatu

Niliinunua Kariakoo kwa 85,000 baada ya friji kuanza kunguruma kama bajaji inayopanda kilima na hamna kinachoganda. Mi nauza barafu za ubuyu na ukwaju nyumbani, huku pembezoni mwa Dar, sasa friji ikigoma ndo nimefunga biashara. Kila ikifika saa 1 jioni taa zinakuwa nyekundu kama kibatari, feni inazunguka mpaka unahesabu mapanga yake, afu saa 6 usiku umeme unarudi safi kabisa wakati wateja washalala. Muuzaji akanambia chukua hii mama, inaongeza umeme. Hilo neno nitalirudia.

Nzuri zake kwanza. Ina kioo chenye namba mbili, juu umeme unaoingia, chini unaotoka. Jioni ya kwanza nachungulia, inaingia 152 inatoka 218! Friji ikanyamaza, asubuhi barafu jiwe. Ina na dilei ya sekunde 180, yani umeme ukikatika na kurudi haiwashi friji hapo hapo, inahesabu mpaka sifuri ndo inaruhusu, na kwa umeme wetu wa kukatika mara tatu ndani ya dakika moja hiyo peke yake imeniokolea kompresa. Ila kelele jamani. Tak, tak, tak usiku kucha. Ukilala chumba kimoja nayo utazoea au utahama.

Siku moja ikaunguza fyuzi nikamwita fundi akaifungua. Nilitegemea madude mengi, kumbe ndani ni donge la chuma limevishwa waya wa shaba na rilei nne nyeusi, yani swichi zinazojigeuza zenyewe, basi. Fundi akasema hii ni transfoma tu mama, mdogo wake ile ya kwenye nguzo. Waya umezungushwa kwenye chuma, ukitolea umeme kwenye mizunguko mingi volti, yani msukumo wa umeme, zinapanda, kwenye michache zinashuka, na ile tak tak ni rilei zinahamisha pa kutolea. Nikamuuliza kwa hiyo inaongeza umeme? Akacheka. Haiongezi hata chembe, inaongeza volti, na ili iongeze volti lazima ivute ampia nyingi, yani mkondo unaopita kwenye waya, toka kwenye laini. Friji ikitaka ampia 1 kwa volti 218, yenyewe huku inavuta 1.4 hivi kwa volti 152.

Hapo ndo nikaelewa tulichokuwa tunafanyiana. Maana mtaa mzima tulikuwa tunanunua stebilaiza! Kila mtu anavuta zaidi kwenye waya ule ule unaotoka mbali, volti zinazidi kushuka, ya jirani nayo inavuta zaidi, mpaka ikafika siku kioo kinasoma 131 ikajizima yenyewe. Tulikuwa tunanyang'anyana umeme kwa hela zetu wenyewe. Jirani yangu mmoja alikuwa nazo tatu, ya friji, ya tivii na ya pampu, simsemi vibaya, na mi ningekuwa na hela ningenunua.

Shida yenyewe ilikuwa juu ya nguzo. Transfoma yetu ilikuwa ya kVA 50, ipo kule barabarani kama mita 900 toka kwangu. Kwa fezi tatu, yani nyaya tatu zinazogawana mzigo, kila fezi inabeba ampia 72 hivi, na jagi moja la kuchemshia maji la wati 2,000 linakula karibu ampia 9, majagi manane tu fezi imejaa. Walipoiweka huku kulikuwa na mikorosho na nyumba za kuhesabu, saivi mikorosho ndo ya kuhesabu.

Tukaandika barua Tanesco, sahihi 41, ikapitia kwa mjumbe, baada ya miezi minane wakaja na lori wakafunga ya kVA 200. Na hawakuiweka pale pa zamani, walizivuta zile nyaya tatu za juu za kilovoti 33 mpaka kona ya msikiti, nyumba ya nne toka kwangu, ndo wakashushia hapo. Nikamuuliza fundi si wangerefusha tu hizi za chini? Akasema volti ikiwa kubwa ampia zinakuwa kidogo, na ampia ndo zinazochemsha waya, tena ampia zikiongezeka mara mbili joto linaongezeka mara nne. Toka volti 400 za hizi nyaya za chini mpaka 33,000 ampia zinapungua zaidi ya mara 80, na kinachopotea kwenye waya ule ule kinapungua karibu mara 6,800. Ndo maana umeme wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji unapandishwa mpaka kilovoti 400 kabla ya kuanza safari ya Chalinze, afu mbele unashushwa kidogo kidogo kwenye vituo vya kupoza umeme. Miaka yote nilijua wanaupoza kwa maji, kama mhunzi na chuma chake. Kumbe wa mwisho kupoza ni hilo dude la msikitini linalovuma mmm mchana kutwa. Kwa Kiswahili cha ofisini linaitwa mashineumba, mtaani sijawahi kusikia mtu akitamka.

Saivi saa 2 usiku inaingia 224 inatoka 220, tak tak hamna. Nilitaka kuichomoa, fundi akasema iache, kwa ajili ya ile dilei.

Nyota mbili nimekata kwa haya: imeandikwa 1000VA lakini fundi kaangalia unene wa shaba akasema usizidishe wati 400, plagi yake inapata moto, na garanti ya mwaka niliporudi dukani nikaambiwa aliyeandika risiti hayupo.

Unayetaka kununua, azima kwanza mita ya fundi upime jioni na usiku wa manane. Ikisoma 150 jioni na 220 usiku, hiyo ni transfoma imezidiwa au waya mrefu, stebilaiza itakusogeza tu huku mnaandika barua. Kama umeme wako hauyumbi ila unakatika katika, chukua friji gadi, kidude cha kulinda friji tu, bei ndogo na dilei inayo.

Yule jirani anauza zake zote tatu, 40,000 kila moja. Nimemwambia asiwauzie waliobaki kwenye ile transfoma ya zamani ya barabarani.