Daraja la chuma kutoka Kamukunji: nyota nne, ya tano imekwama kwenye kapi

Nilizunguka wiki mbili nikitafuta mtu wa kunitengenezea mfano wa daraja. Fundi wa mbao mtaani kwetu alinitajia bei ya kabati la nguo. Mwishowe jirani yangu anayeuza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni akaniambia niende Kamukunji, soko la mafundi wa chuma hapa Nairobi, upande wa Landhies Road, nisimame penye kelele zaidi kisha niulizie fundi wa mageti. Kamukunji yote ni kelele, kwa hiyo ushauri huo haukunifaa sana, lakini nilimpata.

Nilichoagiza ni hiki. Mimi ni mwalimu wa fizikia huku Eastlands. Kaka yangu anaishi Vancouver, ile ya jimbo la Washington kule Marekani, si ya Kanada. Kila siku ya kazi huvuka mto Columbia kwenda Portland, jimbo la Oregon, kupitia Interstate Bridge. Ni madaraja mawili ya chuma yaliyokaa ubavu kwa ubavu: la kwanza lilifunguliwa mwaka 1917, pacha wake 1958. Kila moja lina kipande kinachopandishwa juu kama lifti meli kubwa ikitaka kupita, na magari ya barabara kuu ya I-5 yanasimamishwa yote yakingoja. Nilitaka kipande hicho na minara yake miwili, urefu wa mita moja na nusu, kitu ambacho mwanafunzi anaweza kukigusa na kukiegemea.

Fundi aliitazama picha kwenye simu yangu, akaigeuza, akaikuza. "Mwalimu, hili si ni geti limelazwa juu ya mto?" Nikajua nimefika. Bei shilingi 7,500, nusu nikamtumia kwa M-Pesa hapo hapo.

Niliporudi Jumamosi nilikuta kijana wake ameshachomelea mraba baada ya mraba, safi kabisa, bila chuma hata kimoja cha mshazari. Fundi mwenyewe alikuwa ameenda kununua vyuma. Aliporudi hakusema neno. Aliweka kiganja kwenye kona moja akasukuma, na daraja zima likalala upande kama ng'ombe aliyechoka. Kisha akamwuliza kijana, "Geti la mwenye nyumba ungelifunga hivi?" Wakaanza kukata vyuma vya mshazari, vigawe kila mraba kuwa pembetatu mbili. Nimefundisha somo la nguvu miaka kumi na moja na sijawahi kueleza pembetatu vizuri kuliko kile kiganja. Mraba hupinda bila chuma chochote kurefuka wala kufupika. Pembetatu haikubali mpaka chuma kivutwe au kibanwe.

Alinifurahisha pia kwenye viungo. Nilimsimulia habari ya daraja jingine, la I-35W kule Minneapolis, lililoanguka mtoni tarehe 1 Agosti 2007 na kuua watu 13. Wachunguzi walikuta mabamba ya kuunganishia vyuma yalikuwa membamba mno tangu kwenye michoro, na miaka 40 ya uzito ulioongezwa juu yake ikamaliza kazi. Fundi alisikiliza huku akipangusa mikono, halafu akabadilisha mabamba yote ya daraja langu akaweka mazito zaidi, bila kuniongezea hata shilingi. Juu ya kila bamba akadondosha vitone vya kuchomelea vifanane na riveti za zamani. Hilo sikumwomba.

Sasa lawama. Ahadi ilikuwa wiki moja, nikapata kazi baada ya wiki tatu na nusu. Kila nikipiga simu: "Mwalimu, iko tayari, imebaki rangi tu." Rangi yenyewe ikaja ya buluu, na daraja la kule ni la kijani. Nikaiacha.

Kubwa zaidi ni kile kipande cha kupanda. Siri ya lifti ya namna hii ni mizigo miwili mizito inayoning'inia kwenye minara, ambayo kwa pamoja inakaribia uzito wa kipande chenyewe, ili mota ifanye kazi ndogo tu. Fundi aliweka makopo mawili ya Kimbo yenye mchanga nusu. Mbele ya darasa la watu 48 kipande kilipanda vizuri, nikaachia kamba, kikashuka kwa kishindo na kuvunja kapi moja. Darasa lilishangilia. Nilijaza makopo pomoni kwa vipande vya nondo, na sasa kinatulia popote unapokiacha, lakini kapi lile bado linakwaruza.

Nilimtumia kaka video. Akasema hata lile halisi linangoja fundi wake. Magari zaidi ya laki moja kwa siku, njia nyembamba isiyo na pa kuegesha gari likiharibika, na nguzo zilizosimama juu ya magogo ya mbao yaliyopigwa kwenye mchanga wa mto, mahali ambapo tetemeko kubwa linaweza kuufanya mchanga ule ulegee kama uji. Mpango mmoja wa kujenga jipya ulikwama mwaka 2013, baraza la seneti la Washington lilipofunga kikao bila kupitisha fedha. Mwaka 2019 majimbo mawili yakaanza upya. Nikamwambia basi wiki zangu tatu na nusu si kitu.

Ukienda, nenda asubuhi, kabla mikokoteni haijajaa njiani. Beba mchoro wenye vipimo, picha peke yake haitoshi. Taja rangi kwa kuonyesha kopo. Usilipe nusu ya pili kabla ya kupandisha na kushusha kila kinachopanda, mara tano, mbele yake. Mimi nilifanya mara moja.