Patasi yangu ya Sheffield ilivyounguzwa Gerezani

Nilisema ningoje hasira zipoe ndiyo niandike. Miezi imepita, hazijapoa.

Mimi natengeneza viti, vya mninga zaidi, na msumari hauingii kwenye kiti changu. Ni tundu na ulimi, mbao kuingia ndani ya mbao, basi. Kiti kimoja cha mezani, ukihesabu fremu ya kukalia na mbao za chini zinazounga miguu, kina tundu 16. Viti sita ni 96. Kwa kazi hiyo, patasi nyembamba nilizonunua dukani zilikuwa zinajikunja makali kabla sijamaliza mguu wa pili, ndiyo maana natafuta za zamani. Hii niliikuta kwenye lundo la chuma chakavu, inasubiri kupimwa kwa kilo pamoja na springi za magari. Nusu inchi, nene, haina mpini, kutu imeifunika kama gome la mti. Nilipokwangua kwa ukucha zikatokea herufi za Sheffield, ule mji wa Uingereza unaosifika kwa chuma. Nililipa bei niliyotajiwa, nikaondoka haraka.

Nyumbani niliilaza kwenye siki usiku kucha. Asubuhi nikaisugua kwa brashi ya waya, nikaisuuza kwa maji ya magadi ili siki isiendelee kuila, nikaipaka mafuta ya taa. Nilipoanza kuusafisha ubavu wake kwa msasa ukatokea mstari mwembamba: upande mmoja chuma laini cha kijivu, upande wa pili tabaka jeupe la chuma kigumu, vimeunganishwa motoni. Walifanya hivyo patasi istahimili nyundo bila kuvunjika na bado ikate. Nilimwita mke wangu aje aone.

Ikabaki pengo moja kwenye makali, kama punje ya mchele. Kwa kinoo ningehangaika siku kadhaa, na mteja alikuwa ananipigia simu kila jioni. Nikaipeleka kwenye banda moja mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ambako wenzangu wananoa. Hapo hapo nikaagiza na mpini.

Nikamwambia kijana wa grenda, "Mdogo wangu, hii usiikandamize. Ichovye maji kila mara, isipate moto."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mzee, kazi hii unanifundisha wewe?" Wenzake wakacheka.

Kopo la maji lilikuwa miguuni pake. Hakuligusa hata mara moja. Niliona rangi zikipanda kwenye makali: njano kama majani makavu, hudhurungi, zambarau, halafu buluu. Nilipiga kelele aache. Kwenye ile njano, kama nyuzi 230 za Selsiasi, patasi bado ni patasi. Buluu ni karibu 300, na hapo ugumu umeshaondoka. Kuichovya baada ya hapo ni kuosha vyombo tu. Akanitupia mezani. "Imeng'aa hiyo. Elfu tano."

Nikaomba tupa, maana chuma kigumu tupa haikiumi. Asubuhi ile tupa ilikuwa inateleza kwenye makali kama kwenye kioo. Sasa ikauma, ikamwaga unga. Nikamwonyesha. Akasema chuma chenyewe kimezeeka.

Kimezeeka! Chuma kilichomngoja fundi kwenye kutu miaka yote hiyo, yeye amekimaliza kwa dakika mbili.

Nisiwe mwongo, mpini ni mzuri. Aliyeukereza ni mzee mmoja anayekaa nyuma ya banda, mpole. Aliuvika pete ya bomba ili nyundo isiupasue, na umekaa mkononi kama nilizaliwa nao. Alipoiona ile buluu alinyamaza, kisha akaniambia taratibu, "Haijaenda mbali, mwanangu. Ondoa hapo palipoungua, kwa jiwe na maji, bila pupa." Hela ya mpini akakataa. Nilikaa na kinoo jioni tatu, nikaila ile buluu yote. Patasi imepungua urefu, lakini tupa inateleza tena, na tayari nimechimba nayo viti viwili.

Kwa hiyo nilitaka kuandika hivi: mipini pelekeni, makali msipeleke. Lakini juzi nilipita pale. Kijana yuleyule, ameshika kisu cha randa ya zamani ya mtu, na kopo lilelile sasa halina hata tone la maji. Mwenye randa amesimama anasubiri. Hapana. Msipeleke chochote. Niliingia nikamwambia yule bwana achukue kisu chake aende nacho, na akakichukua.