Galaxy Tab 10.1N: kishikwambi kilichobadilishwa sura ili kipite mahakamani

Weka mezani Galaxy Tab 10.1 na Galaxy Tab 10.1N, zote zimezimwa. Ndani hakuna tofauti ya maana: prosesa ni ileile Tegra 2 ya gigahezi 1, RAM gigabaiti 1, kioo cha inchi 10.1 chenye pikseli 1280 kwa 800, betri ya mAh 7000. Kilichobadilika ni ukingo na mahali pa spika. Samsung ilitoa toleo la N Novemba 2011 kwa soko la Ujerumani kwa sababu toleo la kwanza lilikuwa limepigwa marufuku huko, baada ya Apple kulalamika kwamba linafanana mno na iPad.

Kwa hiyo hiki ni kifaa cha kukaguliwa kwa macho kabla ya kukiwasha. Kwenye 10.1 ya kwanza, uso wote ni kioo cheusi kinachotambaa hadi karibu na mwisho, kisha unakuta utepe mwembamba wa rangi ya fedha. Spika zimejificha ubavuni, kwenye unene wa kifaa. Kwenye N, ukikishika kwa kukilaza, ule utepe wa fedha umepanda juu ya uso upande wa kushoto na wa kulia, ukawa fremu inayoonekana waziwazi. Spika nazo zimehamia kwenye fremu hiyo, zinakutazama.

Kwa maoni yetu hayo ni mabadiliko mawili yenye thamani tofauti kabisa. Kuhamisha spika ni maboresho ya kweli: spika za ubavuni huzibwa na viganja vya anayetazama video, za mbele hazizibwi kirahisi. Fremu, kwa upande wake, imeharibu kilichokuwa kizuri. Uso mweusi usiokatizwa ndio uliokipa kifaa cha kwanza utulivu wake. N inaonekana kama picha iliyotiwa fremu nene kuliko inavyohitaji.

Lakini fundi aliyeamua hivyo alijua anachofanya. Apple ilikuwa imesajili umbo lake Ulaya mwaka 2004, miaka sita kabla iPad haijaingia sokoni, kwa namba 000181607-0001. Usajili huo ni michoro ya mistari tu: bamba la mstatili lenye pembe za mviringo, uso bapa usio na mapambo, ukingo mwembamba. Sheria ya maumbo ya Ulaya haiulizi kifaa kinafanyaje kazi. Inauliza kama kinampa mtumiaji mwenye uelewa taswira ya jumla ileile. Mtu hukitazama kishikwambi kwa mbele, kwa hiyo ukitaka kuivunja taswira hiyo unaanzia mbele. Kuongeza tundu mgongoni au kubadilisha programu kusingesaidia kitu.

Na fremu ile ilisaidia. Mahakama ya Düsseldorf ilitoa zuio dhidi ya 10.1 tarehe 9 Agosti 2011 bila kwanza kuisikiliza Samsung, kisha ikalithibitisha Septemba. Januari 31, 2012 mahakama ya rufaa ya mji huohuo ililiacha zuio lisimame, ila kwa msingi mwingine: ushindani usio wa haki, yaani kujinufaisha na jina lililojengwa na iPad. Siku chache baadaye, Februari 9, Apple ilikataliwa zuio dhidi ya N, na Julai mwaka huo mahakama ya rufaa nayo ikakubali kwamba N iendelee kuuzwa. Fremu ile isiyopendeza ilikuwa imefanya kazi iliyotumwa.

Kinachosikitisha ni kwamba pengine haikuhitajika. London, Julai 2012, Jaji Colin Birss alivitazama vishikwambi vya Samsung, ikiwemo 10.1 isiyobadilishwa, akaona havivunji usajili uleule. Alikubali kwamba kwa mbele vinafanana, lakini akapima pia wembamba wao na michoro ya mgongoni, akasema havina usahili wa kupindukia wa umbo la Apple na kwamba havivutii kama lile. Rufaa ya Oktoba ilimuunga mkono. Marekani nako, jopo la wananchi 9 mjini San Jose, Agosti 2012, lilikataa kwamba 10.1 inavunja hataza ya Apple (haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu) ya umbo la kishikwambi, D504,889. Hukumu ya dola bilioni 1.05 dhidi ya Samsung siku ile ilitokana karibu yote na simu, na ni simu zilizoisumbua kesi hiyo mpaka Mahakama ya Juu mwaka 2016 na maridhiano ya Juni 2018.

Umbo moja, majibu yanayopingana. Anayetengeneza makava au vifaa vya umeme ajifunze hapa kusoma michoro ya hataza za Marekani: mstari usiokatika ndio unaodaiwa, mstari wa vidoto kwa kawaida unaonyesha mazingira tu. Kuna watu hubadilisha kitufe kilichochorwa kwa vidoto wakidhani wameepuka kesi, kumbe hawajagusa kinachodaiwa.

Sasa kama unataka kununua N iliyotumika. Toleo la Wi-Fi ni GT-P7511, la laini ya simu ni GT-P7501. Za toleo la kwanza zilikuwa P7510 na P7500. Agiza fremu na kioo kwa namba hizo, si kwa jina "Tab 10.1", kwa sababu uso haufanani. Chaja yake ina pini 30 na kwa mbali utadhani ni ya iPad ya zamani, lakini haziingiliani. Usilazimishe, utakunja pini. Inataka volti 5 na ampea 2. Ukiichomeka kwenye kompyuta itaonyesha alama nyekundu ya X juu ya betri. Hiyo si hitilafu, umeme wa USB hautoshi kikiwa kimewashwa. Tundu la kadi ya kumbukumbu hakuna, kwa hiyo uliza ukubwa wa hifadhi kabla ya kulipa.

Kilaze kifudifudi juu ya meza iliyonyooka. Kikiyumba, au ukiona kioo kimeinuka kutoka kwenye fremu, betri imevimba, kiache. Programu rasmi iliishia Android 4.0, kwa hiyo tovuti nyingi za leo hazitafunguka kwa sababu vyeti vya usalama vilivyomo ndani ya kifaa vimepitwa na wakati. Kwa kusoma PDF na kucheza muziki uliohifadhiwa ndani, kinatosha, na zile spika za mbele bado zinasikika vizuri.

Kwa matumizi ya kila siku hatukipendekezi. Kwa mwanafunzi wa usanifu au wa sheria ya hataza tunakipendekeza kwa moyo wote, mradi anunue na 10.1 ya kwanza aziweke pamoja. Avizime vyote viwili, arudi nyuma hatua tatu, na aangalie ni sehemu ipi ya fremu jicho lake linaifikia kwanza.