Jeju Olle: njia ya miguu ya pwani ambayo mtu wa Mbeya akiwa Korea asiikose

Tangu nirudi Mbeya kila anayesikia nilikuwa nasoma Korea Kusini ananiuliza habari za Seoul, maghorofa, treni za chini kwa chini, hamna anayeuliza Jeju. Na mimi kitu ninachokikumbuka kwa moyo wote ni Jeju, hasa ile njia yao ya miguu ya kuzunguka pwani inaitwa Jeju Olle. Kwahiyo naandika hii kwa wadogo zangu mnaohangaikia skolashipu na kwa wale ambao tayari mpo kule na kila wikiendi mnajifungia bwenini, aisee tokeni.

Jeju ni kisiwa cha volkano kusini kabisa mwa Korea, katikati umekaa mlima Hallasan wenye mita 1,900 na kitu, kutoka Seoul uwanja wa Gimpo ni kama saa moja tu na ndege. Hizo njia zina jumla ya zaidi ya kilomita 400, zimegawanywa vipande vipande, kila kipande kina namba yake na vingi vina kilomita 10 mpaka 20 yaani unakimaliza siku moja ukianza mapema. Zilianza 2007, aliyezianzisha ni mama mmoja mwandishi wa habari, Suh Myung-sook, mzaliwa wa kulekule Jeju, alienda kutembea ile njia ya Camino de Santiago ya Hispania akarudi kwao kuanzisha ya kwao. Kutembea ni bure, hamna geti wala risiti, sehemu chache tu za vivutio unazopita pembeni ndo wana tiketi zao.

Sifa zangu nyingi nazipeleka kwenye alama za njiani. Wamefunga riboni mbili, ya bluu na ya chungwa, kwenye miti, nguzo, vichaka, kila baada ya mwendo mfupi unaiona nyingine, afu chini kuna mishale, ya bluu ukienda mbele, ya chungwa ukirudi kinyume. Basi. Hujui Kikorea, simu imezima, bado unafika. Wanauza na kijitabu kama pasipoti, unapiga muhuri mwanzo, katikati na mwisho wa kila kipande, na niwaambie ukweli ule muhuri unakufanya uendelee hata miguu ikigoma.

Mimi namba 10 ndo yangu, kutoka Hwasun mpaka Moseulpo. Unaanza na bahari na mlima Sanbangsan umesimama wima mbele yako, unapita mchanga mweusi, unapanda kilima cha Songaksan, na hapo upepo unakukamata mwili mzima huku chini mawimbi yanapiga mwamba. Kwenye huo mwamba kuna mapango yamechongwa na watu wa Jeju wenyewe, walilazimishwa na jeshi la Japani kipindi cha vita vya pili. Ukiendelea mbele unaingia mashambani, viazi, kabichi, figili, udongo mweusi, mtu wa Mporoto ungesema upo nyumbani kabisa, halafu katikati ya viazi unaona vibanda vya zege vya kufichia ndege za kivita za Wajapani, vipo mpaka leo, mkulima analima pembeni yake. Jirani hapo kuna kilima cha Seodal, mwaka 1950 raia wengi waliuawa pale na serikali yao wenyewe, kuna mnara wa kumbukumbu. Nilikaa pale muda mrefu sana. Wangeweza kuipitisha njia kwenye picha nzuri tupu ila wameipitisha na hapo, na kwangu mimi hilo lina thamani kuliko hata bahari.

Namba 8 nayo ina zile nguzo za mawe za Jusangjeolli, lava ilipoa ikasinyaa ikapasuka pembe sita sita ikawa kama mizinga ya nyuki imesimamishwa ufukweni. Sisi tuliokulia Rungwe, tunaojua Daraja la Mungu pale Kiwira na ziwa Ngosi, hayo mawe yanaongea na sisi. Upande wa mashariki namba 1 inakupitisha Seongsan, kilele chenye mita 182 kimetokea baharini, na huko ukibahatika utawaona haenyeo, wale wamama wanaozama bila mtungi wa hewa kutafuta konokono wa bahari na majongoo bahari, wengi ni bibi zetu kabisa umri umeenda, UNESCO iliuweka utamaduni wao kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2016. Ukipishana nao inamisha kichwa uwasalimie kwa heshima, usiwapige picha usoni bila kuomba.

Mapungufu yapo. Vipande vingine vinakuweka kwenye lami muda mrefu, jua kali na magari. Upepo wa Jeju sio wa mchezo, baridi yake inapenya hata kwa sisi wa Uyole, beba lile koti la upepo la mtumba wa soko la Sido pale Mbeya, litakusaidia kuliko sweta tatu. Mwisho wa Juni na Julai ni mvua, nenda Aprili, Mei au Oktoba. Na kula peke yako ni shida, migahawa mingi chakula ni kuanzia watu wawili, kuna sehemu nilikataliwa mlangoni nikiwa na njaa ya kilomita zote zile na iliniuma, so nenda na mwenzako au nunua vitu dukani ubebe.

Usafiri hauna presha, basi namba 201 linapita pwani ya mashariki na 202 ya magharibi, yote yanaunganisha Jeju mjini na Seogwipo, mji wa kusini mwa kisiwa.

Na kila nikitembea kule nilikuwa naiwaza Matema yetu ya Kyela. Pale ufukweni mpaka soko la vyungu Lyulilo, ukaendelea Ikombe kwa Wakisi wenyewe wanaofinyanga, ziwa Nyasa huku na milima ya Livingstone huku, njia ipo na wenyeji wanaipita kila siku, kinachokosekana ni alama na wanakijiji kukaa wakakubaliana ipite wapi na wao wapate nini. Waheshimiwa wa Kyela, hilo halihitaji mfadhili mkubwa, naliomba kwa dhati.

Kama una siku moja tu Jeju nenda namba 10. Ukiwa na mzazi au mtoto chukua 10-1 kwenye kisiwa cha Gapado, ni kilomita 4 na kidogo, tambarare kabisa, Aprili shayiri inakuwa ya kijani kisiwa kizima, boti linatokea bandari ya Unjin karibu na Moseulpo, ila piga simu asubuhi kabla hujatoka maana upepo ukizidi boti haliendi.