Tulimleta mtu wa kupima ardhi kwa umeme Manyoni, nampa 3 kwa 5

Wakuu habari zenu. Kikundi chetu tuna PML (leseni ya uchimbaji mdogo) ya dhahabu upande wa Manyoni, tumechimba maduara (mashimo ya kuchimbia) matatu kwa kubahatisha mpaka hela ikakata, ndo tukamlipa jamaa mmoja wa Dodoma mjini aje apime, jina simtaji.

Kwanza hiyo mashine haioni dhahabu, na kilichonifurahisha jamaa alisema hivyo kabla hata ya kupokea advansi. Gramu chache kwenye tani nzima ya mawe hazibadilishi kipimo, kinachosomwa ni mwamba unaukatalia umeme kiasi gani. Jiwe jeupe la kwatzi linaukatalia sana, pairaiti (madini ya chuma na salfa, mara nyingi yanaambatana na dhahabu kama kwatzi) zikiwa nyingi zimeshikana zinaupitisha, shida ni kwamba mfinyanzi uliolowa nao unaupitisha vilevile, kwahiyo usione rangi ya bluu (panapopitisha umeme) kwenye leptop ukaanza kuwapigia ndugu simu.

Vyuma vinapigwa nyundo kwenye mstari, viwili vinaingiza umeme viwili vinapima volti, wanahama wanarudia. Mstari wetu ulikuwa mita 200, unaona chini kama mita 40 hivi, ukitaka zaidi uvute waya mrefu zaidi. Kilichonikera hakutuambia tuandae maji!! Mwezi wa 10 ardhi ya Manyoni imekauka kama kigae, umeme hauingii, ikabidi bodaboda akafuate madumu na chumvi ya dukani tuwe tunamwagia kila chuma, nusu siku ikaishia hapo na wazee wakapita wanauliza tunazindika nini 😂

Ripoti ikachelewa wiki tatu, Kiingereza kitupu na marangirangi. Ila nilipompigia alinielewesha vizuri, karibu nusu saa, hakuwa na haraka.

Alituwekea alama mbili za kuchimba. Ya kwanza mita 11 tukakutana na mfinyanzi, basi. Ya pili mita 17 jiwe jeupe lina pairaiti, sampuli ziko maabara tunasubiri. Kosa letu alishatuambia tuongeze na kipimo cha chaji, yani umeme ukikatwa wanaangalia mwamba unabaki na chaji kwa muda gani, kinasaidia kugundua pairaiti zilizotawanyika, sisi tukabana hela. Lile duara la mfinyanzi limekula zaidi ya hiyo hela.